Sauti ya TV ya sebuleni isikike bafuni: waya au Bluetooth?

Mtaka_Sauti:
Wakuu, salaam. Nataka sauti ya TV ya sebuleni isikike na bafuni, hasa mpira na taarifa ya habari. Hali ilivyo: TV ina tundu la optiko (linatoa sauti kwa mwanga) na HDMI ARC (tundu la HDMI linaloweza kutoa sauti), haina tundu la hedifoni. King'amuzi kina yale matundu ya rangi tatu, yako wazi. Kutoka TV hadi bafuni ni mita 9 kupitia darini, katikati kuta mbili za tofali la inchi 6. Bafu ni mita 1.6 kwa 2.2, shawa haina beseni, dari la jipsamu lipo mita 2.7 juu. Spika za TV ziendelee kulia kama kawaida. Ninunue spika ya Bluetooth tu, au nipitishe waya? Vifaa gani?

Maji_na_Moto:
Mkuu, Bluetooth inawezekana kwa gharama ndogo, ila jua mipaka yake. Usitumie Bluetooth ya ndani ya TV, maana TV nyingi zikiunganishwa hivyo zinanyamazisha spika zake, na wa sebuleni wanabaki na picha. Nunua kirushio cha Bluetooth chenye tundu la optiko, ukipe umeme wa USB ya TV. Kwa TV nyingi, ikizimwa nacho kinazima. Spika iwe IPX5 (kipimo cha kuzuia maji) kwenda juu. IPX7 inavumilia hata kuzama mita 1 kwa nusu saa.

Kasoro ni mbili. Kwanza, sauti inachelewa, kawaida milisekunde 150 hadi 250. Kwa kuwa bafuni huoni picha, hilo lenyewe halisumbui. Linasumbua mlango ukiwa wazi: unasikia goli mara mbili, kwanza la sebuleni, halafu mwangwi wake bafuni. Pili, kuta mbili za tofali zinakula mawimbi, na kioo cha bafuni kikiwa kwenye njia kinazidisha, kwa sababu mgongo wake umepakwa metali. Kirushio kikifichwa nyuma ya TV ndiyo basi kabisa, sauti inakatika-katika. Kivute kitokeze pembeni kwa waya wa USB wa nusu mita.

Waya_Pea:
Kama dari linapitika, pitisha waya. Mpangilio ni huu: TV, waya wa optiko wa mita 1 au 2, DAC (kile kiboksi kidogo cha kubadili sauti ya dijitali iwe ya waya wa kawaida), amplifaya ndogo, halafu waya wa spika hadi bafuni. DAC na amplifaya vinakaa sebuleni kwenye kabati la TV. Hakuna kifaa cha umeme wa ukutani kinachoingia bafuni.

Amplifaya: zile bodi zenye chipu ya TPA3116 zinatosha na zinabaki. Kwa adapta ya volti 12, ampea 2, inatoa kama wati 7 kwenye spika ya ohm 8. Usiichukulie poa hiyo wati 7. Bafu la vigae linarudisha kila sauti, wati 1 tu inajaza chumba. Adapta ya volti 24 huihitaji.

Spika moja inatosha, lakini usichukue upande wa kushoto peke yake, utapoteza kilichorekodiwa kulia. Changanya pande mbili KABLA ya amplifaya: toka DAC, pitisha kushoto kwenye rezista ya kilo-ohm 1, na kulia kwenye nyingine kama hiyo, kisha unganisha miisho yake na uiingize kwenye tundu moja la amplifaya. Ukiunganisha bila rezista, matokeo mawili ya DAC yanasukumana na sauti inakwaruza. Na kamwe usiunganishe pande mbili kwenye matokeo ya amplifaya! Amplifaya za aina hii hata hasi yake ina moto wa sauti, siyo ardhi. Ukifunga hasi mbili pamoja, au ukaigusisha na bodi ya chuma, chipu inaweza kuungua.

Waya: pea ya mm² 1.5. Kwa mita 9 kwenda na kurudi ukinzani ni kama ohm 0.22, si kitu. Ukweli ni kwamba hata mm² 0.5 sikio halitagundua tofauti; 1.5 ni kwa ajili ya panya na mafundi wanaokanyaga darini baadaye. Ipitishe kwenye paipu yake, mbali na waya wa umeme. Nyaya hizo mbili zikichangia paipu moja na ganda likachubuka, spika ya bafuni inakuwa na volti 230.

Kuhusu yale matundu ya rangi tatu ya king'amuzi: ukichukua nyeupe na nyekundu huhitaji DAC, ni nafuu. Lakini utasikia king'amuzi tu. Ukiweka flashi au ukifungua intaneti kwenye TV, bafuni kimya. Pia waya wa dishi mara nyingi umegusa ardhi kule nje, unaleta ule mlio wa "mmm". Optiko ni mwanga, haibebi umeme, kwa hiyo mlio huo haupiti.

Fundi_Darini:
Waya_Pea kamaliza upande wa sebuleni, mimi niongezee wa bafuni, maana huko ndiko watu wanaharibu.

Shawa isiyo na beseni, kanuni ya IEC 60364 (ya kimataifa ya umeme wa majengo) inahesabu eneo namba 1, yaani eneo la hatari ya maji, kuwa mita 1.2 kuzunguka mahali maji yanapotokea, kwenda juu hadi mita 2.25 kutoka sakafuni. Kwa bafu la mita 1.6 kwa 2.2, hilo linaweza kuchukua zaidi ya nusu ya bafu. Dari lako la mita 2.7 liko juu ya eneo hilo, kwa hiyo spika iwe darini, siyo ukutani. Isikae juu ya shawa moja kwa moja. Isogeze upande wa sinki.

Spika yenyewe: inchi 5 au 6.5, koni ya plastiki na ukingo wa mpira. Koni ya karatasi inanyonya mvuke, inalegea. Wavu uwe wa alumini, wa chuma unatoa kutu na kuchafua dari. Spika za boti zinafaa sana. Tumia karatasi ya kipimo iliyo kwenye boksi kukata tundu, weka mbao mbili juu ya jipsamu zibebe uzito, halafu ziba ukingo kwa silikoni ili mvuke usipande darini.

Angalia kitu kimoja dukani. Spika nyingi za darini zinazouzwa kwetu ni za misikiti, makanisa na maofisi, zile za volti 100. Mgongoni zina transfoma ndogo na nyaya zilizoandikwa wati 1.5, 3, 6. Ukiifunga kwenye amplifaya ya kawaida inanong'ona tu: nyaya za wati 6 zinaonekana kama ohm 1,667, kwa hiyo zile wati 7 zinageuka takriban 0.03. Kama umeshainunua usiitupe. Ruka transfoma, unganisha moja kwa moja kwenye spika yenyewe, ila ipime kwanza kwa mita: ikisoma ohm 6 au 7, ni ya ohm 8.

Mtaka_Sauti:
Nimefunga kwa waya kama mlivyoelekeza. King'amuzi kinasikika safi bafuni. Ila filamu za flashi baadhi zinakuwa kimya, nyingine zinakwaruza "krrr" mfululizo. Na rimoti ya TV haipunguzi sauti ya bafuni. DAC mbovu?

Waya_Pea:
DAC nzima, mkuu. Filamu hizo zina sauti ya Dolby (iliyobanwa), na TV inaipitisha ilivyo. DAC ya bei ndogo inaelewa PCM tu, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa. Ingia menyu ya sauti ya TV, tafuta mpangilio wa sauti ya dijitali, toa "Auto" weka PCM. Siku ikinyamaza kabisa, chomoa waya wa optiko upande wa DAC, TV ikiwa imewashwa, uangalie ncha: lazima uone mwanga mwekundu, na vile vifuniko vidogo vya plastiki viwe vimetolewa pande zote mbili.

Rimoti kutopunguza ni kawaida, TV nyingi zinatoa sauti ya optiko kwa kiwango kimoja. Weka kipunguza sauti cha ukutani aina ya L-pad, ohm 8, wati 15 au zaidi, nje ya mlango wa bafu karibu na swichi ya taa. Kina nyaya tatu: moja kutoka chanya ya amplifaya, moja kwenda chanya ya spika, na ya tatu ni ya hasi ya amplifaya pamoja na hasi ya spika. Kisha amplifaya iache imefunguliwa nusu.

Fundi_Darini:
Na kama amplifaya ina kitufe cha besi, kishushe. Kwenye vigae besi inazunguka tu na kumeza maneno ya mtangazaji.