Bastola ya kujilinda: nikipiga taratibu risasi zinakusanyika, nikiharakisha zinatawanyika, nishike kipi kwanza?

Mnunuzi_Mbalizi

Wakuu habari za baridi. Naombeni msaada kwa wenye silaha za leseni ambao wanafanya mazoezi kweli, sio wale wa kuifungia kabatini mwaka mzima. Mimi nanunua viazi na mahindi, natoka Mbalizi alfajiri na hela za wakulima naingia Umalila mpaka Ilembo, ile barabara wanaoijua wanaijua. Bastola ni ya 9mm, naibeba kiunoni kulia chini ya koti.

Shida iko hivi, renji mita 7 nikipiga bila haraka risasi tano zinakaa sehemu ambayo nikiweka kiganja nazifunika zote. Sasa tukianza ya kuchomoa na kupiga kwa mluzi ndo balaa, zinashuka chini kushoto, nyingine zinatoka nje ya karatasi kabisa. Mwenzangu mmoja ananiambia achana na karatasi, siku ya tukio hutapata muda wa kulenga, jizoeze kasi tu. Mwingine anasema piga taratibu hata mwaka mzima, kasi itakuja yenyewe. Nimsikilize nani? Na risasi bei mnaijua, siwezi kuzimwaga tu ili nione.

Mzee_wa_Ipogolo

Kijana, nimefundisha watu shabaha miaka mingi kabla ya kustaafu, nikujibu kwanza hiyo ya chini kushoto. Kwa mtu wa mkono wa kulia hiyo karibu kila mara ni triga, sio macho. Unajua mlipuko unakuja, mkono unaukaza kabla haujaja, vidole vyote vinafumba pamoja na kile cha triga na mdomo wa bastola unainama. Ukipiga taratibu unajizuia, ukisikia mluzi kizuizi kinaondoka.

Namna ya kujiona mwenyewe: tafuta risasi bandia za mazoezi, mpe mtu akujazie magazini, achanganye bandia moja au mbili na za kweli bila wewe kujua ziko wapi. Ikifika ile ya bandia bastola hailii, na hapo ndo utaona mdomo wake ukiinama chini peke yake. Hakuna maelezo ya mwalimu yanayoshinda kuliona hilo kwa macho yako. Usiende kwenye kasi mpaka bandia ikilia "tak" na kilengeo cha mbele kimebaki palepale.

Na huyo anayesema achana na karatasi mwambie risasi ya 9mm iliyokosa haijaisha, inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Umalila nyumba zimepangana kwenye miteremko, nyuma ya huyo mhalifu kuna dirisha la mtu. Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujilinda wewe na mali yako ila kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika, na iliyoingia kwa jirani utaielezea wewe.

Mpakani_TDM

Shikamoo mzee, kwenye triga nakubali asilimia zote ila kwenye kusubiri nakupinga kidogo kwa heshima. Mimi biashara zinanipeleka Afrika Kusini na kule nimepiga sana mashindano ya shabaha ya kasi yanayoitwa IPSC, wale hawakuulizi kasi au shabaha, wanachukua pointi zako wanagawa kwa sekunde ulizotumia, basi. Chukua mfano, risasi sita, kwa 9mm eneo la katikati ni pointi 5, linalofuata ni 3, na ukikosa kabisa unakatwa 10. Mtu wa kwanza anapiga sita zote katikati kwa sekunde 4, ana 30 gawa kwa 4, sawa na 7.5. Wa pili ana haraka, sekunde 3, tatu katikati, mbili pembeni, moja imekosa, anabaki na 11 gawa kwa 3, haifiki hata 4. Huyu wa pili ndo alionekana mkali kwa watazamaji na kapigwa zaidi kidogo ya mara mbili. Lakini sasa geuza, mtu akipiga sita zote katikati kwa sekunde 8 naye anapata 3.75 tu, yaani yuko karibu sawa na yule wa haraka. IDPA, mashindano mengine ya bastola, nao wana ya kwao, kila pointi uliyopoteza unaongezewa sekunde moja, inafikia palepale.

Kwa hiyo mkuu, ukifanya ya taratibu tu unazoea ya taratibu, macho hayajawahi kuona kilengeo kikiruka na kurudi haraka, siku ukiharakisha kila kitu ni kigeni. Lazima ujisukume mpaka zianze kutoka, halafu urudi nyuma kidogo, hapo ndo kasi yako ya leo. Halafu kasi haiwi moja kwa kila umbali. Mita 3 ukikiona kilengeo cha mbele juu ya kifua inatosha, bonyeza. Mita 10 unatakiwa ukione kimekaa katikati ya kile cha nyuma, na hiyo inachukua muda wake hata uwe nani. Weka karatasi mita 3, 5 na 10 uzipige mfululizo, ukisikia mpishano wa milio yako uko sawa kote ujue kuna mahali unachelewa bure au kuna mahali unabahatisha.

Zoezi la bei nafuu ni lile la tano tano, duara la inchi 5, yadi 5 ambayo ni kama mita nne na nusu, risasi 5, sekunde 5. Kisosi cha chai kikichorewa kwenye karatasi ya A4 kinakaribia saizi hiyo.

Mama_Makongolosi

Kaka yangu wa Mbalizi, mbona hakuna aliyekuuliza hizo sekunde zinaenda wapi? Mimi nanunua dhahabu huku Chunya, mikono yangu midogo, nilihangaika na hayo hayo mpaka nilipoanza kupima vipande. Simu ina programu inayolia mara mbili, mlio wa kuanza na mlio wa kumaliza. Pima kuchomoa peke yake bila kupiga, bastola tupu. Wengi wetu nyanda za juu tuna koti, chini kuna sweta, mkono unapapasa, holsta (mkoba wa bastola) imeegemea, sekunde mbili zimeishia kwenye nguo. Ukishaona umechelewa unataka kuzirudisha kwenye triga, na triga ndo mahali pekee ambapo haraka inakuharibia. Haraka iweke kwenye kuondoa koti, kwenye kushika mpini vizuri bastola ikiwa bado imo ndani, na kuunganisha mikono miwili mbele ya kifua. Mkono wa kushoto ndo ubane sana, wa kulia uachie kidole nafasi ya kutembea. Ukinyoosha mikono kidole kinaingia na kuanza kuula ule ulegevu wa triga wakati macho yanakiona kilengeo, kwa hiyo ikifika mwisho imebaki kukamilisha tu. Mtu wa nje ataona una haraka, kumbe triga umeibonyeza vilevile kama ya taratibu.

Haya yote nyumbani bila risasi hata moja. Mimi nafanya chumbani watoto wakiwa shule, risasi zote ziko chumba kingine zimefungiwa, natazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa macho na kuigusa kwa kidole, natazama tena, na nalenga ukuta wa matofali, sio mlango. Sarafu ya shilingi mia mbili juu ya slaidi, kile chuma cha juu cha bastola, bonyeza isianguke. Nikimaliza nimemaliza, sirudii "moja ya mwisho" baada ya kuijaza, hapo ndo watu wanatoboa kuta na kuumiza watu. Na soma kijitabu cha bastola yako kama inaruhusu kubonyezwa tupu, nyingi za siku hizi hazina shida ila za .22 nyingi zinaharibika.

Mnunuzi_Mbalizi

Dada ubarikiwe, nimepima jana usiku, tupu, risasi nimempa wife akazifungie. Koti langu lina zipu na naifunga mpaka juu sababu ya baridi. Kuchomoa tu mpaka mikono inyooke simu inasoma karibu sekunde nne! Nikaacha zipu wazi ikashuka chini ya tatu bila kujiharakisha hata kidogo. Sasa kwenye lile la tano tano sekunde zinaanzia kwenye koti au bastola ikiwa tayari mkononi? Na kuirudisha kwenye holsta nako kunapimwa?

Mpakani_TDM

Anza ikiwa mkononi, imeelekea chini mbele, kidole nje. Zikikaa zote tano ndani ya kisosi mara kadhaa mfululizo ndo uanzie kwenye koti. Zikianza kutoka usiongeze risasi, rudi kwenye shilingi.

Mzee_wa_Ipogolo

Marahaba Mpakani, kwa namna hiyo uliyoielezea sina ubishi, ajisukume ila risasi bandia zisitoke kwenye magazini yake.

Kurudisha hakupimwi, kamwe. Kidole nje ya triga, kimenyooka ubavuni mwa bastola, koti lishikwe pembeni kwa mkono wa kushoto, tazama kwa macho holsta iko wazi, ingiza polepole. Kipande cha sweta au kamba ya koti ikiingia pale kwenye triga inakupiga paja mwenyewe. Hiyo kamba ya kukazia koti kiunoni kama unayo ikate leo. Na badala ya koti la zipu msimu wa baridi nunua la vifungo vya kubana, ukilivuta linaachia lote kwa mara moja, pale Mwanjelwa kwenye mitumba hukosi.