Natakiwa nihoji watu 400 sokoni Chake, ripoti iseme ni Pemba nzima. Nishaurini

Kijana wa Gombani
Asalaam alaykum wanajukwaa. Nafanya kazi kwenye bekari moja Unguja, ya boflo na mikate ya vipande. Wakubwa wanataka kufungua tawi Pemba, lakini kwanza wajue kaya ngapi hununua mkate wa dukani, mara ngapi kwa wiki na kwa bei gani. Kazi nimeachiwa mimi kwa kuwa nilisoma takwimu kidogo chuoni, na kwetu ni Gombani.

Maagizo: nichukue vijana wanne, tusimame sokoni Chake Chake Jumamosi na Jumapili, tujaze madodoso 400, basi. Meneja kashikilia 400 kwa sababu aliwahi kusoma kuwa 384 zinatosha popote duniani. Roho yangu haijatulia, ila nikiulizwa tatizo liko wapi nashindwa kumueleza mtu ambaye hakusoma takwimu. Bajeti inaweza kuvutwa kidogo, si sana. Nifanyeje?

Karani Mstaafu
Waalaykumu salaam mwanangu. Meneja wako hajadanganywa. Ukitaka makosa yasizidi asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, 384 ndiyo namba inayotoka. Ila hesabu hiyo ina sharti: kila kaya iwe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Mama wa Micheweni ambaye hajafika Chake mwezi mzima, nafasi yake kwenye mpango wenu ni sifuri. Jazeni hata 4,000, yake itabaki sifuri. Mwambie hivyo, ataelewa.

Sensa ya 2022 iliikuta Pemba na watu 543,441: Mkoa wa Kaskazini 272,091, Kusini 271,350. Nusu kwa nusu. Chake iko Kusini. Wete na Micheweni mnawaweka wapi?

Nenda Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, uombe orodha ya shehia (yale maeneo madogo yenye masheha) za wilaya zote nne na idadi ya kaya, na uulizie hapo hapo habari za kibali. Zipange shehia, ujumlishe kaya moja juu ya nyingine hadi mwisho. Tuseme jumla imekuja 100,000 (namba ya mfano tu) na unataka shehia 25: hatua yako ni 4,000. Piga kura ya namba kati ya 1 na 4,000. Ikitoka 1,730, shehia iliyobeba kaya ya 1,730 imeingia, kisha iliyobeba ya 5,730, kisha 9,730, mpaka umalize. Shehia kubwa inapata nafasi kubwa, halafu ndani ya kila moja unachukua kaya idadi ile ile. Kwa njia hiyo kaya ya Mkoani na ya Micheweni zinakuwa na nafasi karibu sawa.

Duka la Konde
Karani, kwa heshima yako, hiyo ni sensa, si biashara. Mimi nauza mkate kila siku. Agawe mafungu tu: wanawake kadhaa, wanaume kadhaa, wa mjini kadhaa, wa shamba kadhaa. Wakishatimia, kazi imekwisha.

Karani Mstaafu
Mafungu ni rahisi, sikatai. Lakini mdadisi akiambiwa tafuta wanawake ishirini atawatafuta wepesi: wachangamfu, waliokaa barazani, wasio na haraka. Marekani, uchaguzi wa rais wa mwaka 1948, Gallup na wapimaji wenziwe wa maoni walihoji kwa mafungu wakatabiri Dewey atamshinda Truman, na Truman akabaki Ikulu. (Si mafungu peke yake, waliacha kuhoji mapema mno pia.)

Hata hivyo kuna jambo umeligusa. Kama bosi anataka kujua wanunuzi wanaupendaje mkate, simama dukani, wanunuzi ndio hao. Akitaka kujua kaya ngapi hununua, dukani hutawaona wasionunua. Naye kauliza la pili.

Mama Mwani
Niliwahi kufanya kazi ya udadisi. Tazameni bahari kabla ya kupanga ratiba. Siku za bamvua maji yanakupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na wanawake wa mwani wote wako pwani. Mnapiga hodi, kimya, mnaruka nyumba ya pili. Sampuli ikaja bila wale wale wanaojishikia pesa yao wenyewe! Nyumba iliyochaguliwa ni hiyo hiyo. Rudini jioni, rudini kesho, ndipo muandike hakupatikana. Msimu wa karafuu msiende, pesa ikiwa mkononi kila mtu ni mnunuzi. Ramadhani ndiyo kabisa, ulaji wake mwengine.

Jengine, sheha lazima mumuone, ni adabu na ni utaratibu, lakini asiwachagulie nyumba. Atawapeleka kwa jamaa zake na kwa walio kando ya barabara. Ombeni orodha ya kaya: zikiwa 180 nanyi mnataka 12, chukueni kila ya kumi na tano, mkianzia namba ya kura. Na wadadisi wawe wanawake angalau nusu. Mwenye nyumba akiwa hayupo, kijana wa kiume ataishia ukumbini.

Kijana wa Gombani
Ahsanteni sana wazee wangu. Shehia 25 kwa kaya 12 ni 300 tu, meneja atasema zimepungua. Na ndani ya nyumba nimuhoji nani? Chuoni tulifundishwa jedwali la Kish.

Karani Mstaafu
Jedwali la Kish, la mwaka 1949, ni la kumpata mtu mzima mmoja kwa kura unapotaka maoni yake binafsi. Wewe unauliza manunuzi ya kaya. Huku kwetu mara nyingi mume ndiye anayekwenda sokoni na mke ndiye ajuaye mkate uliisha lini, basi wakiwepo wote wawili waulize pamoja.

Kwa 300 makosa ni kama asilimia 5.7 kwa hesabu ya kawaida. Ila majirani hufanana, kwa hiyo wewe hesabu 7 hivi, uiandike wazi kwenye ripoti. Ukipata nyongeza ya pesa, ongeza shehia, usirundike nyumba. Shehia 30 kwa kaya 10 ni bora kuliko 10 kwa 30.

Maalim wa Wingwi
Dodoso nalo mlitazame. Ukiuliza "tukileta mkate mzuri wa bei nafuu mtanunua?" utajibiwa "Inshaallah", na kijana wako ataandika Ndiyo. Uliza yaliyopita: jana asubuhi mlikunywa chai na nini? Mkate wa mwisho mlinunua siku gani, shilingi ngapi? Mihogo, chapati na mkate wa kumimina viwemo kwenye majibu, maana hao ndio washindani wenu. Na mlijaribu kwanza kwenye kaya chache zisizokuwemo kwenye sampuli.

Kijana wa Gombani
Nimempigia meneja. Karidhia shehia 25 na wadadisi sita. Ila anasema ikitoka Kojani tuweke shehia nyengine ya karibu yenye barabara, tuokoe nauli ya mashua.

Mama Mwani
Kojani hapo ng'ambo tu, na watu wamejaa vile! Wavuvi hawanywi chai? Ikitoka, nendeni.