Kukata kipande cha arei ya R bila kujua ina dimensheni ngapi

Muulizaji:
Wakuu, salaam. Nina fankisheni ya R (lugha ya programu ya takwimu) inayopokea arei x (jedwali la namba lenye dimensheni kadhaa), namba ya dimensheni k na nafasi i, nayo irudishe kipande hicho tu. Kwa dimensheni tatu ningeandika `x[, , 2]` nikamaliza. Tatizo ni kwamba arei nyingine huja na dimensheni nne au tano, na k hubadilika, kwa hiyo siwezi kupanga mikato (koma) mapema. Isitoshe, kipande kikiwa chembamba `apply()` inagoma: `dim(X) must have a positive length`. Kuna njia isiyopitia `eval(parse())`, yaani kuunda msimbo kama maandishi kisha kuuendesha?

Jibu 1:
`eval(parse())` achana nayo, mkuu. Mabano `[` yenyewe ni fankisheni, kwa hiyo yape hoja zake kwa orodha:

```
chagua <- function(x, k, i) {
  idx <- rep(list(TRUE), length(dim(x)))
  idx[[k]] <- i
  do.call("[", c(list(x), idx, list(drop = FALSE)))
}
```

TRUE inashika nafasi ya pale ungepaacha patupu kati ya mikato, yaani chukua zote. Kwa `x <- array(1:24, c(2, 3, 4))`, `chagua(x, 3, 2)` inakupa 7 hadi 12, dim yake (urefu wa kila dimensheni) 2, 3, 1.

Usiandike `c(x, idx)`: arei itasambaratika kuwa vitu 24 na do.call itachanganyikiwa. Pia i ikiwa NULL, `idx[[k]] <- NULL` inafuta nafasi hiyo kwenye orodha, halafu unaambiwa idadi ya dimensheni si sahihi. Kagua i kwanza.

Jibu 2:
Kosa la apply linatokana na drop. R ikiachwa hutupa kila dimensheni yenye urefu wa 1, hivyo `x[2, 3, ]` ni vekta ya namba nne isiyo na dim kabisa. `drop = FALSE` inatibu hilo. Baadaye ukitaka kuondoa dimensheni ya k peke yake, usitumie `drop()`, maana itaondoa na nyingine zenye urefu wa 1. `dim(y) <- dim(y)[-k]` inatosha, ila inafuta dimnames (majina ya nafasi katika kila dimensheni); kama unazihitaji, tumia `adrop(y, drop = k)` ya pakiti ya abind.

Muulizaji:
Imekubali, shukrani. Na kuandika 0 ndani ya kipande hicho? Halafu kuna seli moja moja zilizotawanyika.

Jibu 1:
Kuandika, kwa idx iliyoundwa kama ile ya ndani ya chagua: `x <- do.call("[<-", c(list(x), idx, list(value = 0)))`. Usisahau `x <-` mwanzoni, la sivyo x inabaki ilivyokuwa.

Seli zilizotawanyika zinataka matriksi, kila mstari seli moja: `x[cbind(1:2, 2:3, 3:4)]` inatoa 15 na 24 tu, wakati `x[1:2, 2:3, 3:4]` inatoa namba nane. Hesabu safuwima za matriksi hiyo. Zikiwa mbili kwa arei ya dimensheni tatu, R hailalamiki. Inazisoma kama nafasi za kawaida, na `x[cbind(1, 2)]` inakupa namba ya kwanza na ya pili, kimya kimya.