BlackBerry KEYone au KEY2 ya mtumba kwa kazi ya duka: ipi?

duka_kibuye
Wajuzi, naomba ulinganisho. Hapa Kisumu kuna KEYone mbili na KEY2 moja, simu zenye vitufe vya herufi chini ya skrini, zote mtumba, kwa wauzaji tofauti. Kazi ya simu ni oda za WhatsApp kutwa nzima, M-PESA, picha za risiti, na laini mbili ikiwezekana. Michezo hapana. KEY2 imezidi kwa karibu elfu nne. Hizo elfu nne zinanunua nini hasa?

fundi_kondele
Zinanunua RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu kadhaa kwa pamoja) na vitufe. Mengine ni madogo.

KEYone ilitoka 2017 ikiwa na prosesa ya Snapdragon 625, RAM ya GB 3 na hifadhi ya GB 32. Kuna toleo jeusi, Black Edition, lenye GB 4 na GB 64. KEY2 ilizinduliwa Juni 2018 na Snapdragon 660, RAM GB 6, hifadhi GB 64 au 128. Skrini ni ileile: inchi 4.5, 1620 kwa 1080. Betri karibu sawa, 3505 mAh dhidi ya 3500. Zote zina tundu la 3.5 mm la spika za masikioni, USB-C na chaji ya haraka ya Quick Charge 3.0, na zote zinakubali kadi ya kumbukumbu.

Kwa kazi ya oda, RAM ndiyo utakayoiona kila siku. Kwenye GB 3, ukitoka WhatsApp ukaenda kwenye kivinjari kisha kamera, ukirudi unakuta WhatsApp inaanza kujipakia upya. Ujumbe wenyewe haupotei, ila unasubiri, na mteja naye anasubiri. Halafu GB 32 hujaa haraka kwa sababu WhatsApp haihamishiki kwenye kadi. Kinachohama ni picha na faili unazozisogeza mwenyewe. Ukipata KEYone, tafuta ile ya GB 64 au usichukue kabisa.

mwandishi_bungoma
Vitufe visipitwe juujuu hivyo, maana ndiyo sababu ya mtu kutafuta simu hizi. Vya KEY2 ni virefu kwa asilimia 20 na havina ule mng'ao. Vya KEYone vinateleza kidogo, hasa kidole kikiwa na jasho, na kwa joto la Kisumu jasho ni la kila siku.

Tofauti ya pili ni Speed Key, kitufe cha chini kulia chenye vidoti. KEYone hapo ina shift ya pili. Kwenye KEYone, njia za mkato za herufi (bonyeza W ifungue WhatsApp, kwa mfano) zinafanya kazi ukiwa kwenye skrini ya mwanzo tu. Kwenye KEY2 unashikilia Speed Key pamoja na herufi, na programu inafunguka hata ukiwa katikati ya programu nyingine. Herufi 26, kila moja kwa kubonyeza au kushikilia, jumla njia 52. Kwa mtu anayeruka kutoka oda kwenda M-PESA kwenda daftari la madeni, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko prosesa.

Kwa zote mbili kibodi nzima inahisi mguso. Ukitelezesha kidole kushoto juu ya vitufe neno linafutika, ukitelezesha kwenda juu unachukua neno lililopendekezwa. Lakini kama kamusi iliyowashwa ni ya Kiingereza peke yake, utaandika "nina unga" na itakuharibia. Ingia mipangilio ya kibodi, zima urekebishaji wa moja kwa moja, bakiza mapendekezo. Usizime vyote viwili, mapendekezo yanajifunza maneno yako.

nakuru_sec58
Nyongeza ya namba, kwa kuwa kazi ni M-PESA. Namba ziko juu ya herufi: W E R ni 1 2 3, S D F ni 4 5 6, Z X C ni 7 8 9, na 0 iko kando ya kitufe cha nafasi. Nyota iko kwenye A, reli (#) kwenye Q. Bonyeza Alt mara mbili ijifunge, halafu *334#, menyu ya M-PESA, inakuwa A R R S Q. Paybill ya tokeni za stima, 888880, ni X mara tano na 0. Baada ya wiki moja vidole vinaijua vyenyewe. Vizazi vyote viwili vimepangwa hivyo, kwa hiyo hapa hakuna mshindi.

Kamera ndiyo inayoshangaza watu. KEYone ina lenzi moja ya megapikseli 12 yenye kihisi cha Sony IMX378, kilekile cha Google Pixel ya kwanza. Pikseli zake ni mikroni 1.55, za KEY2 ni 1.28. KEY2 ina lenzi mbili, ya pili ikikuza mara mbili, lakini kwa risiti ndani ya duka lenye balbu moja KEYone haiachwi nyuma hata kidogo.

fundi_kondele
Kwa risiti, sawa, nakubali. Sasa tuje kwenye ubovu, kwa sababu simu za umri huu hazinunuliwi kwa karatasi ya sifa.

KEYone za mwanzo zilitoka kiwandani skrini ikiwa haina gundi ya kutosha kwenye fremu. Ukiikunja au ikianguka, skrini inachomoka. Baadaye TCL, waliokuwa wakiziunda, waliongeza gundi. Ukiona skrini imeinuka usikimbilie gundi, kwa sababu kuna chanzo cha pili, betri iliyovimba. Laza simu kifudifudi kwenye kioo cha kaunta. Ikiyumba, skrini imetunisha tumbo. Kisha bonyeza ukingo wa skrini taratibu kwa kidole gumba. Ikishuka ikakaa, ni gundi. Ikirudi juu kama sponji, ni betri, na hapo usibonyeze tena. Chaji isiwekwe, fundi aitoe kwanza. Ukiigandisha skrini juu ya betri iliyovimba, kinachofuata ni kupasuka kwa kioo, na moto hauko mbali.

Kama ni gundi tu: safisha ukingo kwa spiriti ya isopropili, paka gundi ya B-7000 uzi mwembamba kuzunguka fremu, funga kwa mipira ya kufungia, acha saa 24. Kosa la kawaida ni kupaka nyingi. Inaingia kwenye spika ya sikioni au inafurika chini, pale vitufe vya mguso vya kurudi na nyumbani vilipo kati ya skrini na kibodi, na mteja anarudi kesho yake akisema simu "haisikii".

KEY2 haina sifa mbaya ya skrini. Shida yake inayolalamikiwa ni herufi kujirudia, unaandika "sawa" inatoka "saawa". KEYone nayo hufanya hivyo, kwa sababu ileile: vumbi au kibati cha chini ya kitufe kimechoka. Zima simu, piga brashi laini ya meno kavu, puliza kwa blowa ya mkono. Usipulize kwa mdomo, unaingiza mate. Usinyanyue kitufe kwa kisu. Ikiendelea, ni kubadilisha kibodi nzima, na kipuri hicho ndicho kigumu kupata. Ikifika hapo, rudisha simu.

laini2_kakamega
Kuhusu laini mbili: usiamini mdomo wa muuzaji, soma namba ya modeli kwenye mipangilio. KEYone huanza na BBB100, na nyingi ni za laini moja. KEY2 huanza na BBF100. BBF100-6 ni ya laini mbili, na trei yake ni ya kuchagua, laini ya pili au kadi ya kumbukumbu, si vyote. Ukiona BBE100, hiyo ni KEY2 LE. Ni simu nyingine: Snapdragon 636, RAM GB 4, betri 3000 mAh, na kibodi yake haihisi mguso. Wapo wanaoiuza kwa bei ya KEY2, tena kwa uso mkavu. Telezesha kidole juu ya vitufe kwenye ukurasa mrefu. Ukurasa usiposogea, hiyo ni LE au kibodi imekufa.

Kwa zilizotoka Marekani, weka laini ya Safaricom papo hapo. Ikidai namba ya kufungulia, imefungwa kwa mtandao wa kule. Na kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aifute kupitia mipangilio mbele yako, uianze upya. Ikiomba akaunti ya Google ya mwenye zamani, ondoka.

duka_kibuye
Asanteni. Nilisikia BlackBerry zilizimwa 2022. Hizi hazihusiki?

mwandishi_bungoma
Hazihusiki. Zilizokatiwa huduma Januari 4, 2022 ni za mifumo ya zamani, BlackBerry 7.1 kurudi nyuma na BlackBerry 10, yaani kina Bold, Classic na Passport. KEYone na KEY2 ni Android. KEYone ilianza na 7.1 ikapandishwa hadi 8.1, KEY2 ilitoka na 8.1 ikabaki hapohapo. TCL waliacha kuziuza mwisho wa Agosti 2020. Kwa hiyo hata mfumo hautofautishi vizazi hivi: zote zimefika mwisho uleule. Wala usidanganywe kwamba fundi atakuwekea Android mpya, bootloda zao, programu ya kuwashia simu, zimefungwa zisikubali mfumo mwingine.

WhatsApp bado inakubali 8.1. Programu za benki ndizo hupandisha kiwango cha Android bila hodi. Pakua ya benki yako dukani, ingia, uone salio, ndipo utoe pesa.

nakuru_sec58
Basi kwangu: KEY2, ikiwa ni BBF100-6 na betri imepita mtihani. Ikiwa ni ya laini moja, elfu nne zinakuwa nyingi, chukua KEYone ya GB 64 na ubakize chenji ya betri.

fundi_kondele
Mtihani wa betri: ijaze hadi 100, washa mwanga wote, cheza video ya YouTube kwa nusu saa kwa bando. Ikishuka chini ya 80, au ikiruka ghafla kutoka 40 hadi 15 ukiendelea, hesabu betri mpya. Na "mpya" maana yake haijatumika. Imekaa rafu miaka. Linganisha namba iliyochapishwa kwenye ya zamani na ya duka, herufi kwa herufi, maana ya KEYone na ya KEY2 haziingiliani hata kama mAh zinafanana.

duka_kibuye
KEY2 inasoma BBF100-6. Naenda kuijaribu kesho saa nne, na chaja yangu mkononi.

laini2_kakamega
Beba laini mbili pia. Trei ikikubali moja tu ikiwa na kadi ndani, usishtuke, toa kadi kwanza.