Naomba ushauri: nimemgonga mzee wa baiskeli kwa mlango wa gari

Habari zenu ndugu. Nawaomba hasa mnaojua mambo ya trafiki hapa Uganda. Alhamisi iliyopita niliegesha gari kando ya barabara, Tororo mjini, nikafungua mlango bila kutazama kioo. Mzee mmoja alikuwa anakuja na baiskeli, amefunga mikungu mitatu ya matoke nyuma. Akauvaa mlango, akaanguka. Matoke yakatapakaa barabarani, na mkungu mmoja mpaka leo hatujui nani aliubeba. Kosa ni langu, sibishi.

Mzee alivunjika mkono. Nilimpeleka hospitali, nikalipia picha na plasta, nikamnunulia ringi mpya. Polisi hatukwenda. Tuliandikiana mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji: nitoe laki tatu, yaishe. Nikatoa, akasaini kwa mkono mzima.

Sasa mwanawe amefika kutoka Kampala, anadai milioni mbili, la sivyo anafungua kesi. Mzee mwenyewe ananipigia usiku kunijulia hali, sauti ya chini, naona anaona haya.

Bima ya mtu wa tatu ninayo, ingawa fidia yake ni ndogo, na sidhani watanisikiliza bila ripoti ya polisi. Je, nikaripoti sasa, siku zimepita, au najichongea? Ile karatasi ya LC1 itanisaidia mahakamani? Na huyu kijana nizungumze naye, au niendelee na mzee tu?