Nyumbani Rau (kikundi cha familia)

*Jumanne*

Aika 06:12
Habari za asubuhi ndugu zangu. Nipo kwa mama tangu juzi. Kabati lake limeachia mlango wa kulia, nimeukuta umefungwa kwa kamba ya katani. Na goti lile hawezi tena kuinama. Seremala anakuja Jumamosi saa nne kupima. Tuamue leo: la ukutani, la kusimama, au rafu tu?

Aika 06:13
[Picha]

Aika 09:40
Naona waliosoma ni kumi na mmoja.

Deo 09:52
Hilo shati la njano si la kipaimara changu? 😂

Upendo 09:53
😂😂 ile kola ingeruka mpaka KIA

Elia 09:55
Bila kibali cha kutua

Aika 09:58
Jamani. Kabati.

Upendo 10:20
Si kuna yale ya mabomba na kitambaa cha zipu? Rahisi.

Aika 10:24
Mama ana vitenge zaidi ya arobaini na makoti mawili ya baridi. Mabomba yale yameungwa kwa plastiki, ukining'iniza vizito yanalala upande. Zipu ndiyo hutangulia kufa.

Elia 10:31
Basi la bodi. Linapendeza.

Aika 10:36
Ukuta ule unaelekea migombani, masika unatoa jasho. Hili lililopo ni chipbodi, chini limevimba kama andazi. Skrubu za bawaba hazina pa kushika, ndiyo maana mlango umeng'oka.

Manka 12:20
Chipbodi? Tuliambiwa mkongo. Nilituma laki mbili. Sijasahau.

Deo 12:22
Tumeanza.

Manka 12:23
Wewe ndiye ulienda kulichukua na pikapu.

Deo 12:25
Na mafuta ya pikapu alilipa nani? Tangu siku ile nilisema sishiki tena hela ya mtu kwenye familia hii.

Manka 12:26
_Ujumbe huu umefutwa_

Elia 12:26
Nilishausoma 😂

Aika 13:10
Someni hiki. Ndani kina cha futi 2 kamili, maana henga peke yake ni kama inchi 17. La sasa lina inchi 16, ndiyo maana mikono ya makoti imekuwa ikibanwa na mlango miaka yote. Upande mmoja bomba moja juu, magauni marefu yanataka futi 5. Upande wa pili mabomba mawili, inchi 42 kila ngazi, blauzi na sketi. Vitenge kwenye rafu, kati ya kiuno na bega la mama. Rafu na rafu ziachane futi moja tu, mrundo ukizidi hapo akichomoa cha chini vyote vinamwangukia. Nyuma tuache inchi 2 hewa ipite. Mninga au saiprasi?

Elia 13:44
Saiprasi, ila iwe imekauka. Mbichi itapinda. Mninga hatuuwezi.

Aika 13:50
Sawa. Na lile sanduku la bati la uvunguni tulitoe, limeshika kutu.

Mjomba 20:47
Shimbonyi wanangu. Nimesoma yote. Mama yenu kanipigia mchana, anauliza kama anahamishwa. Sanduku hilo alikuja nalo siku anaolewa. Mimi ndiye nililibeba kichwani kutoka Uru, sijabalehe. Msiliguse.

Deo 20:58
Shikamoo mjomba.

Manka 21:02
Shikamoo mjomba.

Aika 21:31
Shikamoo mjomba. Nisamehe, halitoki. Tutaliachia nafasi ndani ya kabati, kimo cha kiuno, alifungue akiwa amesimama.

Mjomba 21:40
Marahaba. Muulizeni mwenyewe.

*Jumatano*

Aika 07:05
Nimemuuliza. Milango hataki kabisa, anataka pazia. Anasema mlango ukifungwa anasahau ana nini. Nimemwambia vumbi, kanitazama tu. Upande wa magauni marefu tuweke mlango, kwingine pazia?

Aika 11:15
Fundi anataka nusu kabla ya kukata mbao. Nani anashika hela?

Deo 11:50
Mnajua jibu langu.

Elia 12:08
Jumamosi nina harusi Machame.

Upendo 16:33
Pazia nitashona mimi. Nipeni vipimo.

Manka 19:20
Nikituma nataka picha ya mbao kabla hazijapakwa rangi.

Aika 19:21
Manka, bado hujatuma.