Naomba ushauri: nyigu wanaochimba mashimo kwenye ukoka

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Niko Uyole, Mbeya. Tangu jua la Oktoba lianze kuwaka, nyigu weusi wamechimba mashimo kwenye ukoka mbele ya nyumba, sehemu ile iliyokauka na kubaki udongo mtupu. Jana nimehesabu mashimo 17, kila moja linaingia kidole, na pembeni kuna kichuguu kidogo cha udongo. Kinachonishangaza, kila nyigu ana shimo lake. Nimemwona mmoja akimburuta panzi mkubwa kuliko yeye mpaka ndani! Hajang'atwa mtu bado, ila nina mtoto wa miaka mitatu anayecheza hapohapo pekupeku.

Nimemwaga maji ya moto mara mbili. Ukoka umeungua, nyigu kesho yake wamerudi kuchimba kama kawaida. Jirani anasema nimimine mafuta ya taa, lakini tuta langu la figiri liko hatua chache tu kutoka hapo, roho inasita.

Je, hawa wa shimo mojamoja wanashambulia kwa kundi kama wale wa kwenye mapaa? Na nikimwagilia na kupanda upya ukoka hapo penye udongo mtupu, watahama wenyewe?